Kombora la kilomita 200: likirushwa Mwanza, linafika Bukoba?

Msomaji wa Kirumba, Mwanza, anauliza: "Nimesoma kwamba makombora mapya ya ndege kwa ndege, kama PL-15 la China na Meteor la Ulaya, yanafika kilomita 200. Nikipima kwenye ramani, Mwanza hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka haifiki hapo. Je, ina maana rubani akiwa juu ya Mwanza anaweza kuitungua ndege iliyo juu ya Bukoba? Na kama makombora haya yameshapatikana, Marekani inatafuta nini tena na hilo lao jipya? Halafu hizi J-7 tunazoziona zikipita kwenye sherehe za kitaifa, zinaweza kufungwa makombora ya namna hiyo?"

Ndugu msomaji, vipimo vyako viko sawa. Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi Bukoba, ukikata juu ya ziwa, ni kama kilomita 175. Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo, ila ndiyo yenye masharti mengi kiasi kwamba hakuna rubani mwenye akili anayeitegemea. Ndege ya Bukoba iwe inakuja Mwanza. Zote mbili ziwe juu sana. Ya kwako iwe imeshika kasi. Na yule wa upande wa pili asishtuke mpaka sekunde za mwisho. Likivunjika sharti moja tu, zile 175 zinakuwa 100, au 50.

Tupige hesabu kidogo. Kwenye kimo cha kilomita 12, tuchukue kombora linalokwenda kwa wastani wa mita 900 kwa sekunde, yaani mara tatu hivi ya kasi ya sauti ya kule juu. Ndege inayolengwa inakwenda mita 250 kwa sekunde, sawa na kilomita 900 kwa saa. Ikiwa inakuja uso kwa uso, zile kilomita 175 zinaliwa kutoka pande zote mbili, mita 1,150 kila sekunde. Vinakutana baada ya sekunde 152. Kombora limeruka kilomita 137, na ndege imejileta yenyewe kilomita 38.

Sasa chukua kombora lilelile, lenye pumzi ileile ya kilomita 137, ila ndege iwe imekupa mgongo na inakimbilia mpaka wa Uganda. Katika sekunde zilezile 152 itakuwa imesogea mbele kilomita 38. Ili uipate, ulitakiwa urushe ikiwa kilomita 99 mbele yako, wala si 175. Kwenye kombora hakuna kilichobadilika hata skrubu moja. Kilichobadilika ni upande ambao pua ya adui imeelekea. Namba inayochapishwa kwenye vipeperushi vya maonyesho ya silaha karibu kila mara ni ile ya uso kwa uso, kule juu, dhidi ya ndege kubwa isiyokata kona. Wachina wenyewe, walipoonyesha toleo la kuuza nje, PL-15E, waliandika kilomita 145. Zile 200 na zaidi ni za toleo wanalobaki nalo nyumbani, na zinatokana na makadirio ya watu wa nje.

Ukiushusha mchezo mzima chini, mambo yanaharibika zaidi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya Mwanza tayari ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Hata hivyo, ukiilinganisha na hewa ya kimo cha kilomita 12, hii inayogusa maji ya ziwa ni nzito karibu mara tatu na nusu, na ukinzani unaolikabili kombora unapanda kwa kiasi hichohicho. Kombora linalofika kilomita 100 kule juu, huku chini kwa kawaida hubaki na theluthi yake, mara nyingi hata pungufu. Ndiyo sababu makombora ya masafa marefu hayaendi moja kwa moja kwenye shabaha. Yakishaachiwa hupanda kwanza kwenye hewa nyembamba, husafiri huko sehemu kubwa ya njia, kisha hushuka kwa kasi juu ya shabaha. Ukiona mchoro wa mshale ulionyooka kutoka ndege hadi ndege, ujue aliyechora hakuuliza.

Ugumu wenyewe uko kwenye mota. Mota ya roketi ya kombora la kawaida la kizazi kilichopita, mfano AIM-120 la Marekani lililoanza kazi 1991, huwaka kwa sekunde chache tu. Inalisukuma hadi karibu mara nne ya kasi ya sauti, kisha inazimika. Tangu hapo kombora ni kama boti ya uvuvi iliyozimwa injini katikati ya maji: linakwenda kwa msukumo uliobaki, na kila likikata kona msukumo huo unapungua. Rubani anayelijua hilo hafanyi sarakasi. Anageuza ndege na kukimbia. Kwa kasi ya mita 250 kwa sekunde, akiibana ndege kwenye kona ya mara tano ya uzito wake, anageuka nyuzi 180 kwa sekunde 16 hivi. Kombora lililokuwa linaelekea kukutana na mtu anayekuja sasa linamfukuza mtu anayeondoka, kwa pumzi iliyokusudiwa safari fupi zaidi. Linafika likiwa limechoka, na chenga ndogo tu inatosha kulikosesha.

Kwa hiyo wahandisi hawaulizi sana kombora linafika wapi. Wanauliza: ni umbali gani ambao, nikirusha, hata akigeuka papo hapo na kukimbia kwa nguvu zote, bado namkuta? Umbali huo ndio eneo lisilo na pa kukimbilia, na kwa makombora mengi ni sehemu ndogo ya masafa yanayotangazwa. Karibu kila kitu kipya cha miaka hii kwenye makombora ya ndege kwa ndege kinalenga kulipanua eneo hilo.

Njia mbili zimeshika. Ya kwanza ni mota ya mipigo miwili, inayotajwa kwenye PL-15 na kwenye MICA NG la Ufaransa. Ndani ya bomba moja kuna mabonge mawili ya fueli ngumu yaliyotenganishwa na kizuizi. La kwanza linaungua mwanzoni. La pili linabaki limelala, na kompyuta ya kombora huliwasha karibu na mwisho, pale ambapo nguvu inahitajika kwa kukata kona. Kwa maneno ni rahisi, lakini kutengeneza ni kazi ya miaka. Kizuizi kinatakiwa kivumilie moto na shinikizo la mpigo wa kwanza bila kupasuka, kisha kipasuke chote kwa usafi pale mpigo wa pili unapowashwa, bila kipande kuziba tundu la nyuma. Kiwashio cha pili nacho kinakaa kwenye baridi kali kwa dakika nzima au zaidi na bado kinatakiwa kisikosee.

Njia ya pili ni ya Meteor, na kwangu ndiyo yenye akili zaidi. Katika fueli ya roketi ya kawaida, takriban asilimia 70 ya uzito ni kemikali inayoleta oksijeni ya kuunguzia. Meteor linaacha mzigo huo nyumbani na kuvuta hewa ya njiani kupitia midomo miwili chini ya tumbo. Injini ya namna hii, ramjeti, haiwezi kuanza ikiwa imesimama. Inahitaji hewa iingie kwa kasi kubwa tayari, kwa hiyo roketi fupi ya kuanzia huwaka kwanza ndani ya chumba kilekile cha kuunguzia, inaisha, ndipo midomo inafunguka na injini kuchukua kazi. Kuna vali inayopunguza na kuongeza gesi ya fueli, hivyo kombora linatembea kiuchumi njiani na kufungulia moto wote mwishoni. Watengenezaji wake, MBDA, wanadai eneo lake lisilo na pa kukimbilia ni zaidi ya mara tatu ya lile la makombora ya masafa ya kati ya wakati wake. Ni neno la muuzaji, lipunguze unavyotaka, lakini mwelekeo ni wa kweli.

Ubaya wake? Midomo ya hewa iko upande mmoja, kwa hiyo kombora haliwezi kuyumba ovyo ubavuni kama roketi ya mviringo. Likitaka kukata kona linabidi lilale kwanza ili hewa iendelee kuingia sawasawa. Hewa ikikatika, moto unazimika. Programu ya kuliongoza ikawa ngumu kwa kiasi hichohicho. Nchi sita, Uingereza, Ujerumani, Italia, Ufaransa, Hispania na Sweden, zilihusika. Mkataba wa kuliunda ulisainiwa mwishoni mwa 2002, na jeshi la kwanza kulitumia, la Sweden kwenye ndege zake za Gripen, lilianza 2016. Miaka 14, kwa kitu chenye urefu wa mita 3.65 na uzito wa kilo 190.

Tuje kwa Marekani. Mwaka 2019 jeshi lao la anga lilitangaza hadharani AIM-260, linaloundwa na Lockheed Martin, na halikuficha kwamba sababu ni PL-15. Jambo la kuangalia hapo ni vipimo kuliko masafa. Linatakiwa liwe na umbo la karibu sawa na AIM-120, yaani urefu wa mita 3.66 na kipenyo cha milimita 178. Sababu ni kwamba F-22 na F-35 hubeba makombora ndani ya tumbo ili zisionekane na rada. F-35 inabeba manne ya aina hiyo humo ndani, F-22 sita. Kombora refu zaidi ya hapo linabidi lining'inie nje, na likining'inia nje, pesa zote za kuificha ndege zimepotea. Kwa hiyo mhandisi anaambiwa: tupe kombora linalokwenda mbali zaidi, lakini usiongeze hata unene wa kidole. Inambidi apate nafasi kwa kubana vifaa vya elektroniki na kichwa cha mlipuko, halafu nafasi hiyo aijaze fueli.

Wasiobanwa na tumbo la ndege wanakwenda njia nyingine. R-37M la Urusi lina urefu wa mita 4 na ushei na uzito wa zaidi ya nusu tani, kichwa chake cha mlipuko ni kilo 60, na limetumika sana kwenye vita ya Ukraine kutoka MiG-31. Marekani nayo mwaka 2024 ilionyesha AIM-174B, ambalo ni kombora la meli, SM-6, lililofungwa chini ya bawa la F/A-18. Haya ni ya kuwinda ndege kubwa za nyuma, zile za rada na za kujazia mafuta angani. Ndege ndogo yenye wepesi ina nafasi nzuri zaidi ya kuyakwepa.

Kufika ni nusu ya kazi. Kombora lazima lione, na hapa ndipo namba ya 200 inapochekesha kabisa. Jicho la kombora ni rada ndogo yenye antena isiyozidi upana wa bomba lenyewe, sentimita 17 hivi. Dhidi ya ndege ya kawaida inaona labda kilomita 15 au 20. Kabla ya hapo kombora ni kipofu. Linakwenda kwenye nukta ya angani ambayo ndege mama imekadiria kwamba adui atakuwepo. Ndege mama inatakiwa iendelee kumwona adui kwa rada yake na kulitumia kombora masahihisho kwa redio. Mawasiliano yakikatika kwa sekunde 20 tu, adui anayekwenda mita 250 kwa sekunde ameshahama kilomita 5.

Sasa ongeza ndege zilizoundwa zisionekane. Umbali ambao rada inaona hushuka kwa kipeuo cha nne cha ukubwa wa mwangwi: punguza mwangwi mara 16, umbali unapungua nusu, punguza mara 1,000, umbali unabaki chini kidogo ya sehemu moja ya tano na nusu. Rada iliyokuwa inaona ndege ya kawaida kilomita 200, yaani ng'ambo ya Bukoba, sasa inaiona ile iliyofichwa kwenye kilomita 36, ambayo hata Nansio pale Ukerewe haifiki. Na jicho la kombora lililokuwa linaona kilomita 15 linabaki na kilomita 2.7. Kwa kasi ya kukutana ya kilomita moja kwa sekunde, lina sekunde zisizofika tatu za kuona, kuamua na kukata kona. Hapo ndipo fedha nyingi inapokwenda: antena tuli zenye vipande vidogo vingi, kila kimoja kikirusha na kupokea chenyewe, badala ya sahani inayogeuzwa na injini. Japani ndiyo iliyotangulia kuweka antena ya namna hiyo kwenye kombora la ndege kwa ndege, AAM-4B, karibu na 2010. Inapeleka nguvu zaidi, inageuza mwali mara moja, na ni ngumu zaidi kudanganywa na mitambo ya kuvuruga, ingawa "ngumu zaidi" haimaanishi haiwezekani. Mitambo ya sasa inarekodi mpigo wa rada na kuurudisha ukiwa umebadilishwa kidogo, kombora likaamini ndege iko mahali pengine.

Kuna na chenga ya zamani ambayo bado inafanya kazi, hasa juu ya maji. Rada nyingi hutofautisha ndege na mwangwi wa chini kwa kuangalia kasi ya kusogelea. Rubani akikata pembeni kwa nyuzi 90, hakusogelei wala hakukimbii, na kasi yake kwa jicho la rada inafanana na ile ya mwangwi wa chini. Akiwa chini karibu na uso wa ziwa, rada inaweza kumchuja pamoja na mawimbi. Anachohitaji ni kujua kombora linatoka upande gani.

Joto nalo lina usumbufu wake. Kombora likienda mara nne ya kasi ya sauti kwenye kimo cha kilomita 12, hewa inayogandamizwa kwenye ncha inapita nyuzi 600 za Selsiasi. Kofia ya pua, ambayo rada inachungulia kupitia humo, hutengenezwa kwa aina za kauri ili isiyeyuke. Lakini ikipata moto, inapindisha kidogo miale ya rada, na kombora linaona shabaha pembeni ya mahali ilipo. Kosa hilo hupimwa kwenye kila kofia kiwandani, na kompyuta hufundishwa kulitoa.

Mwaka 2010 na miaka iliyofuata, upokeaji wa AIM-120 mapya ulikwama kwa sababu ambayo mtu wa nje asingeidhania: mota zilizokuwa zikitengenezwa na kampuni ya ATK zilifeli kwenye majaribio ya baridi. Kombora linaloning'inia chini ya bawa kwenye kimo cha kilomita 11 linapoa hadi nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri. Fueli ngumu ikipoa hivyo hupungua ukubwa na kuwa ngumu zaidi. Ikipasuka ufa mdogo, moto unaingia kwenye ufa huo, eneo linaloungua linaongezeka ghafla, na shinikizo linapasua bomba. Marekani ililazimika kwenda kwa Nammo, kampuni ya nchi za Nordiki, kununua mota. Kombora zima lilikuwa tayari, likakwamishwa na fueli ya teknolojia iliyojulikana kwa miongo.

Unyevu nao umeua makombora mengi. Katika kampeni ya mabomu ya 1965 hadi 1968 kule Vietnam, kombora la Marekani, AIM-7 Sparrow, lilipata shabaha chini ya mara moja katika kila kumi. Vifaa vya elektroniki vya wakati huo havikupenda joto na unyevu wa tropiki, kubebwa kwenye mikokoteni, kufungwa na kufunguliwa kila siku, na kutikiswa safari baada ya safari bila kurushwa. Marubani nao walirusha nje ya mipaka ya kombora kwa sababu hawakufundishwa mipaka hiyo. Jeshi la majini la Marekani liliagiza uchunguzi, ripoti ikatoka 1968, na mwaka uliofuata wakaanzisha shule ya mapigano ya angani, Topgun.

Kwa sababu hizo majaribio hayaanzi na mlipuko. Kwanza jicho la kombora linakaa maabara likionyeshwa shabaha za kompyuta, maelfu ya mara. Kisha linabebwa chini ya ndege likiwa linafanya kazi ila halirushwi, ili kuona mtikisiko unalifanya nini. Halafu linaachiwa bomba tupu lenye uzito sahihi, kuhakikisha halirudi kuipiga ndege mama. Kwenye ndege zenye tumbo la ndani hili ni jambo la kuogopwa kweli, maana hewa huzunguka vibaya mlango ukifunguka. Ndipo inawashwa mota bila kuongozwa. Mwisho ni kombora kamili dhidi ya ndege isiyo na rubani, kama QF-16, ambayo ni F-16 ya zamani iliyogeuzwa. Hata hapo, mara nyingi mahali pa kichwa cha mlipuko huwekwa kisambaza taarifa, kwa sababu data ya sekunde za mwisho ina thamani kuliko moshi.

Makombora ya karibu, yanayofuata joto, nitayagusa tu. Mapinduzi yake yalikuja mapema: Ujerumani ilipoungana 1990, nchi za Magharibi zilipata mikononi R-73 la Kisovieti pamoja na MiG-29, ambalo rubani alilielekeza kwa kugeuza kichwa chenye kofia maalumu, na wakagundua walikuwa wameachwa nyuma. AIM-9X la Marekani na IRIS-T la Ujerumani na wenzake yamezaliwa na mshtuko huo. Siku hizi jicho linaona picha nzima ya ndege badala ya nukta ya moto, kwa hiyo fataki za joto hazilidanganyi kirahisi. Bado linadanganyika: Juni 2017 juu ya Syria, F/A-18 ya Marekani ilirusha AIM-9X kwa ndege ya Syria, Su-22, likakosa, ikabidi imalizie na AIM-120.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mota itakayolitatua, na watu wa kanda ya ziwa wana mfano wake. Tarehe 3 Novemba 1978, mwanzoni mwa vita ya Kagera, ndege tatu za kivita za Tanzania zikielekea kituo cha Mwanza zilipita juu ya Musoma. Kikosi cha ulinzi wa anga hakikuwa kimepewa ishara zake za utambulisho. Zote tatu zilitunguliwa kutoka ardhini, na marubani wake wakafa. Miaka kumi na mitano na ushei baadaye, Aprili 1994, F-15 mbili za Marekani kaskazini mwa Iraq zilitungua helikopta mbili za Marekani yenyewe, watu 26 wakafa, na marubani walikuwa wamezipita karibu na kuziangalia kwa macho. Ukiwa Mwanza na kile unachokiona kiko Bukoba, huna macho ya kuangalia. Ni nukta kwenye kioo. Kwa hiyo sheria za kurusha mara nyingi humlazimisha rubani kusubiri mpaka nukta ithibitishwe na vyanzo viwili au zaidi, na wakati anasubiri, kilomita 175 zinayeyuka. Nchi ikinunua kombora la mbali bila kununua mtandao wa utambuzi, imenunua namba.

Sasa J-7. Ndege hiyo ni MiG-21 iliyoundwa China, na kombora lililokua pamoja nayo, PL-2, lina ukoo wa kushangaza. Septemba 1958, katika mapigano ya Taiwan na China, kombora moja la Marekani, Sidewinder, lilipiga MiG-17 ya China bila kulipuka, ndege ikarudi nalo nyumbani likiwa limekwama mwilini. Wasovieti walilichambua wakatoa K-13, na China ikatoa PL-2 kutokana na K-13.

Kulifunga PL-15 kwenye J-7 si suala la kutafuta bawa la kulining'iniza. Tazama pua yake: ni mdomo wa kuingizia hewa ya injini, na rada imebanwa ndani ya koni ndogo katikati ya mdomo huo. Antena ya ukubwa huo haimwoni adui mbali kiasi cha kulitumia kombora hilo, wala ndege haikuundwa na nyaya za kidijitali za kuzungumza nalo, redio ya kulitumia masahihisho, na umeme wa kuviendesha vyote hivyo. Ukiyaweka hayo yote, umejenga ndege nyingine. Pakistan, iliyoruka F-7 ambayo ni J-7 ya kuuza nje kwa miaka mingi, ilipotaka makombora ya namna hii ilikwenda kwenye JF-17: midomo ya hewa imehamishiwa ubavuni, pua yote imeachiwa rada, na toleo la tatu lina rada ya antena tuli. Hilo ndilo linalobeba PL-15E.